Muuza chipsi aombe nyota, au anyamaze?

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ndilo jibu analopewa muuza chakula wa kutembea hapa Dar es Salaam akithubutu kumwomba mteja aliyeshiba amwandikie maoni kwenye ramani ya Google, ambako mteja hutoa nyota moja hadi tano, au chini ya picha zake za Instagram. Hoja yenyewe ni fupi: chakula kikiwa kitamu watu watasema wenyewe, na anayeomba kusemwa vizuri ana jambo anaficha. Nimeisikia sana, na kila mara naona inamwonea yule mwenye toroli, kabati la kioo na karai moja la mafuta. Huyo kujitembeza ndiyo kazi yake.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Mtu akikuomba maoni huku bado umeshika sahani yake, utampa nyota tano hata kama viazi vilikuwa vibichi katikati. Hatukulelewa kumwambia mtu usoni kwamba chakula chake kibaya, na muuzaji analijua hilo. Kuna na wanaotoa soda ya bure kwa kila nyota tano, na huko ni kununua ushahidi. Hoja yao kubwa zaidi ni afya. Waliokuwepo jijini Agosti 2015 wanakumbuka kipindupindu kilivyoanza Kinondoni na kusambaa. Mgahawa ukikudhuru, mlango wake unaujua. Aliyekuuzia mishikaki leo Mwenge, kesho yuko Mbagala. Mteja wake hana pa kurudi kulalamika isipokuwa pale alipoandika, na sifa za kuombwa zikizidi, onyo la mtu aliyeumwa linafukiwa chini kabisa. Hili la afya nitalirudia, kwa sababu ndilo linalonikosesha amani hata mimi niliye upande wa pili.

Lakini tufanye hesabu kwanza, maana wengi wanaobishana hawajaifanya. Tuchukue muuza chipsi mwenye maoni tisa, yote ya nyota tano. Usiku mmoja anakuja mteja, anakuta foleni, anasubiri, anaondoka na hasira, anampa nyota moja. Wastani unashuka hadi 4.6. Wiki inayofuata mwingine anampa nyota moja kwa sababu alimfuata pale ramani ilipoonyesha, kumbe mwenyewe alikuwa amehamia upande wa pili wa barabara. Sasa ni 4.3. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyezungumzia chakula. Ili jamaa huyu apande hadi 4.8 kamili anahitaji watu 29, wote watoe nyota tano, bila hata mmoja kuteleza. Mgahawa wenye maoni 400 na wastani wa 4.5 ukipewa maoni mawili kama hayo ya nyota moja, namba inayoonekana haisogei: inabaki 4.5.

Watu 29. Jioni ya mwisho wa mwezi wanakula kwake wengi kuliko hao, wanafuta midomo na kwenda zao. Kula wanakula, kuandika hawaandiki. Wala si kwamba hawana shukrani. Shukrani zetu zina njia zake: "Mungu akuzidishie, kaka," au kurudi kesho na rafiki wawili, au kumwachia chenji ya mia tano. Mteja wa miaka mitatu anayemjua muuzaji hadi jina la mtoto wake haoni kwa nini aende mtandaoni kumtangaza mtu anayemwona kila jioni. Anayeandika bila kuombwa ni mgeni, au mwenye hasira, au mgeni mwenye hasira. Kwa hiyo ukimkataza muuzaji kuomba, maoni hayawi ya haki zaidi. Yanabaki mikononi mwa watu waliopita mara moja tu, na wale wanaokijua chakula chake kwa miaka wanabaki kimya.

Atakayesema nyota hazina kazi kwa mtu anayeuza kwa harufu ya kitunguu na foleni, simlaumu, kwani hata mimi niliwahi kudhani hivyo. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard Business School alichunguza migahawa ya jiji la Seattle, Marekani, na maoni ya wateja kuihusu kwenye mtandao wa Yelp. Aliona kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9. Naishikilia zaidi sehemu ya pili ya matokeo yake: ongezeko hilo lilionekana kwa migahawa ya watu binafsi tu. Ile yenye majina makubwa na matawi mengi haikuguswa. Seattle si Buguruni, na sitaki kuichukua asilimia hiyo nzima nzima na kuibandika hapa. Lakini sababu yake inafika hadi huku. Jina kubwa mteja analijua tayari, kwa hiyo hana haja ya kusoma. Asiyejulikana ndiye anayesomwa.

Na muuza chakula wa kutembea hapa mjini kila mara anarudishwa kwenye kutojulikana. Mwishoni mwa 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara nyingi za jiji na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Hapa sijadili kama ilikuwa sawa au si sawa. Natazama kitu kimoja: mama aliyekuwa akiuza chapati na supu kwenye kona moja kwa miaka, wateja wakimjua kwa ile kona, alihamishwa na kona ikabaki. Sifa yake yote ilikuwa imeandikwa kwenye lami. Kama angekuwa na maoni 60 kwenye simu, angehama nayo. Angemwonyesha dada anayetafuta mpishi wa kitchen party Tabata, au ofisi ya Posta inayotaka chakula cha mchana cha watu 15, na kazi hizo ndizo zinazomtoa mtu kwenye toroli. Hapo ndipo ile methali inaponigomea. Chakula kizuri kilijiuza, naam, lakini kilijiuza kwa wale waliokuwa wanapita njia hiyo.

Sasa lile la afya. Mtu akiandika "nilikula hapa nikaharisha usiku kucha", huo si uchokozi, na hakuna nyota tano za kuombwa zinazostahili kulizima onyo hilo. Ila wasomaji nao wanapaswa kujua tunavyokosea katika kutaja mwenye kosa. Tumbo likichafuka, tunakishika chakula cha mwisho, na chakula cha mwisho mara nyingi ni cha barabarani, cha saa tatu usiku. Ni kweli sumu ya bakteria wa stafilokoka huweza kukuangusha ndani ya saa 1 hadi 6. Lakini bakteria wa salmonela huchukua kati ya saa 6 na 72, na kipindupindu huweza kukaa hadi siku 5 kabla ya kujionyesha. Aliyeharisha Jumatano huenda ugonjwa aliupata Jumatatu, nyumbani kwake, kwenye chakula kilicholala. Yai la chipsi lililokaangwa mbele ya macho yako hadi likaiva linatia shaka kidogo kuliko kachumbari iliyokatwa tangu alasiri, na hata chakula kilichopikwa, Shirika la Afya Duniani linasema kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Mteja anayeandika "kachumbari ilikuwa imechacha" amemsaidia muuzaji na wenzake. Anayeandika "wachafu hawa" hajamsaidia yeyote, ila nyota yake ina uzito ule ule.

Mbele ya maoni kama hayo wauzaji wengi hukosea. Wapo wanaotishia, "nitakupeleka polisi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao". Sheria hiyo ya 2015 inamlenga anayechapisha uongo huku akijua ni uongo. Mtu aliyeona chumvi imezidi hakudanganya. Wapo pia waliofundishwa kuomba radhi kwa kila kitu, hata kwa ugonjwa usiojulikana ulitoka wapi, na msomaji anayepita anaona mtu amekiri. Jibu zuri nililowahi kusoma lilikuwa la mistari miwili: "Pole dada, chumvi ilinizidi siku hiyo. Ukipita tena niambie kabla sijageuza yai." Mtu anayesoma hapo anajua anaenda kwa nani.

Kuomba, basi, kuna mipaka, na hapa nakubaliana na wapinzani karibu kote. Google yenyewe inakataza kutoa pesa, punguzo au zawadi ili upate maoni, na inakataza pia kuwachagua walioridhika peke yao na kuwaruka walionuna. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2024 ya kuyapiga marufuku maoni ya uongo na ya kununuliwa. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara, na sioni kwa nini sifa za kuandikwa na shemeji watano zisiwe upotoshaji. Soda ya bure iondoke. Shemeji wakae pembeni.

Kinachobaki ni karatasi iliyobandikwa kwenye kabati la chipsi, pembeni ya lipa namba, imeandikwa: "Umekula? Tuandikie, zuri au baya." Neno "baya" lisikosekane, na ombi lielekezwe kwa kila mtu, hata yule aliyelalamikia foleni. Na muuzaji asiombe wakati mteja bado ana mafuta vidoleni na muuzaji kamkodolea macho. Ile aibu ya sahani mkononi niliyoitaja mwanzoni ni ya kweli. Amwache afike nyumbani. Wateja wengi wa chipsi siku hizi wana namba ya muuzaji kwa ajili ya kuagiza. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kesho yake asubuhi unatosha, na asipojibu usirudiwe. Asubuhi tumbo nalo litakuwa limeshasema lake, angalau kwa zile saa za mwanzo, na mtu anaandika akiwa peke yake bila kuogopa kumuudhi aliye mbele yake.