Safari ya Ghuba ya Menai Ifuate Maji, Isifuate Saa ya Hoteli

Wageni wengi wanaokwenda Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, hununua safari ya siku moja ambayo ratiba yake imekwisha kuandikwa kabla hawajafika kisiwani: kuondoka Fumba saa 3 asubuhi, kutazama pomboo, kuzamia penye matumbawe, kupumzika kwenye fungu la mchanga, kula chakula cha mchana katika kisiwa cha Kwale, kisha kurudi alasiri. Ratiba hiyo haibadiliki, mwezi uwe mwandamo au mpevu, na hapo ndipo ninapotofautiana na waandaaji wake. Katika bahari ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, saa ya kuondoka haifai kuamuliwa na wakati wa kufungua kinywa hotelini.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mvuvi wa Fumba au Kizimkazi, vijiji vya pwani ya ghuba hii, hahitaji karatasi kujua kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Wiki moja baadaye, yakiwa maji mafu, mpangilio hugeuka na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Kwa msafiri, jambo hili ndilo safari yenyewe. Fungu analoliona kwenye picha huwa wazi kwa saa chache tu. Bwawa la Kwale lililozungukwa na mikoko, ambalo maji yakijaa mtu huogelea humo kwa raha, maji yakipwa hubaki tope na mizizi.

Nimewahi kuwamo katika boti iliyofika funguni baada ya bahari kulimeza. Mwongoza watalii alituonyesha kwa kidole mahali ambapo, kwa maneno yake, kwa kawaida pana mchanga. Tulichokiona ni maji mepesi ya kijani na ncha za nguzo za banda zikichungulia juu ya mawimbi madogo. Abiria mmoja mtu mzima alimuuliza nahodha, kwa adabu, iwapo hakulijua hilo tangu pwani. "Nilijua, mzee wangu," akajibu, "lakini saa ya kuondoka sipangi mimi." Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya tatizo hili: anayeijua bahari kuliko wote waliomo chomboni ndiye asiyeulizwa.

Madhara ya ratiba moja kwa wote hayaishii kwa abiria waliokosa picha. Boti zikiondoka kwa wakati mmoja, hufika kwa pomboo kwa wakati mmoja pia. Kabla ya utalii kushika mizizi hapa katika miaka ya 1990, pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakiwindwa ili wawe chambo cha papa, na ni kweli kwamba mgeni alipoanza kulipa ili amtazame mnyama akiwa hai, hesabu ya mvuvi ilibadilika. Ninaliheshimu badiliko hilo. Hata hivyo, watafiti waliowafuatilia pomboo hao wameonyesha kwamba wakizongwa na boti hupunguza kupumzika na kulisha. Nahodha mwenye muda wa kutosha huzima mashine mbali, akaacha chombo kielee, na baada ya dakika kadhaa husikika ile pumzi fupi yenye mchirizi wa maji kabla hata pezi halijaonekana, kisha mama na mtoto hupita ubavuni kwa hiari yao. Nahodha anayekimbizana na ratiba huwakatia njia, huku mwongozaji akipaza sauti abiria waruke majini. Abiria anayeshangilia mchezo huo naye ana sehemu yake ya lawama.

Ikumbukwe kwamba sehemu hii ni hifadhi tangu mwaka 1997, na ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 470, hivyo hakuna ulazima wa boti zote kusongamana mahali pamoja. Upande wa mashariki wa ghuba kuna kisiwa cha Uzi, ambako kwa miaka mingi barabara ya kuingilia ilipita katikati ya mikoko na kufunikwa maji yalipojaa, na wakazi walipanga safari zao za mjini kwa kuzingatia hilo. Hakukuwa na mtu wa Uzi aliyeilalamikia bahari kwa kutofuata saa yake.

Waandaaji hujitetea kwamba mgeni anataka uhakika, na kwamba gari la kumchukua hotelini haliwezi kubadilisha saa kila siku. Hoja hii ingekuwa na uzito kama maji yangekuwa ya kubahatisha. Majedwali ya kujaa na kupwa hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, na anayeuza safari ya tarehe fulani anaweza kuandika kando ya tarehe hiyo saa ya maji kupwa, kuanza na Kwale au na fungu kulingana nayo, na kumwachia nahodha neno la mwisho asubuhi ile upepo ukichafuka.