"Hao Wamezoea Mafuriko": Nani Kawauliza?

Kuna sentensi moja ambayo kila nikiisikia presha inapanda: "Hao wamezoea mafuriko." Juzi nimeikuta tena, safari hii kwenye mjadala wa mabwawa ya umeme ya Amazon. Bwana mmoja, mhandisi kwa maelezo yake mwenyewe, alisema ukishajua samaki watapita wapi na nyani watahamia wapi, kazi imekwisha. Vidudu vya chini ya majani makavu visitupotezee muda, vimezoea maji tangu enzi na enzi. Watu wakammiminia dole gumba. Mimi nikaweka simu chini nikaenda kuchemsha chai, maana nilichotaka kuandika wakati ule kisingefaa kusomwa na watoto.

Sasa chai imekwisha.

Twende Manaus, Brazili. Mto Negro ukipanda, unapanda kweli. Kati ya maji machache ya Oktoba au Novemba na kilele cha Juni kuna tofauti ya mita 10 hivi kwa mwaka wa kawaida. Msitu wa kandokando, ambao wenyewe wanauita igapó, unakaa majini miezi 5 au 6, na watu wanapiga kasia katikati ya matawi. Huko chini, kwenye majani yanayooza, ndiko wanakoishi nge bandia: viumbe wa milimita 2 au 3, mbele wana koleo kama za nge, nyuma hawana mkia wala mwiba. Maji yakija, wanakwenda wapi?

Mjerumani Joachim Adis alianza kulifuatilia swali hilo miaka ya 1970 huko Tarumã Mirim, mto mdogo unaomwaga maji yake katika Negro karibu na Manaus. Alifunga mitego kwenye mashina ya miti, akanasa wapandaji. Nge bandia walipelekwa kwa Volker Mahnert wa makumbusho ya Geneva, naye akawatambua na kuwapa majina, akiwamo Tyrannochthonius migrans mwaka 1979. Kilichoonekana ni kwamba wale wale wa sakafuni wakati wa kiangazi ndio waliokuwa wakipanda mashina kuelekea mafuriko. Wanahamia juu, wengine chini ya maganda ya miti, na maji yakikauka wanarudi ardhini. Ukimuuliza mtaalamu kama mdudu huyu ni wa ardhini au wa mtini, jibu la kweli ni: mwezi gani?

Hapa ndipo hilo neno "wamezoea" linaponikera hasa. Katika msitu ule wapo wadudu na jamaa zao wasiosubiri maji yawaguse miguu. Mvua zikianza, unyevu ukibadilika, safari imeanza, wiki kadhaa kabla ya sakafu kufunikwa. Na nge bandia si kiumbe wa kuambiwa "ondoka sasa hivi." Jike hubeba mayai kwenye kifuko chini ya tumbo. Anayebadili ngozi hujijengea chumba cha hariri na kujifungia ndani mpaka ngozi mpya ikomae. Kwa mwili wa milimita 3, shina la mita 10 ni safari ndefu, na njiani kuna sisimizi wanaosubiri chakula. Kwa hiyo kuzaa, kukua na kupanda ni lazima kupangwe kufuata mto. Wengine wana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Maji yakija mwezi usio wao, watoto bado wamo kwenye majani na wengine wamejifungia, kizazi chote kimekwenda. Nani atazaa mwakani?

Wazee wa Rufiji wangemwelewa nge huyu kuliko mhandisi wetu. Walijenga dungu juu ya nguzo, maji yakipungua wakalima mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu. Mazoea yao yalikuwa ya mafuriko yenye majira. Ukiwafungulia maji mlau ukiwa umeshachipua, sijui utawaambia wamezoea kitu gani.

Tuje kwenye ushahidi mzito, Balbina. Bwawa hili lilifungwa mwaka 1987 kwenye Mto Uatumã, kaskazini mashariki ya Manaus. Ziwa lake lina takriban kilomita za mraba 2,360. Unguja nzima ingezama humo na nafasi ikabaki. Kwa eneo lote hilo, mitambo ina uwezo wa megawati 250. Hongereni. Lakini kilio changu kiko chini ya bwawa, yaani kule mto unakoendelea baada ya ukuta. Mitambo inaachia maji mwaka mzima, kwa hiyo sehemu za chini kabisa za igapó zikakosa miezi yake ya kukauka. Miti ikafa ikiwa imesimama. Miongoni mwake ni Macrolobium acaciifolium, mti unaovumilia kuzama miezi na miezi kila mwaka! Kama kuna mwenye haki ya kuitwa mzoefu wa mafuriko, ni huo, na uliuawa na mafuriko yasiyokwisha. Mti ukifa ganda hubanduka, kisha shina huanguka, na hiyo ndiyo nyumba ya nge bandia ya nusu mwaka.

Haya, nikubali kidogo, shingo upande. Wapo wanaohimili kuzama. Mwaka 2000 watafiti Hebets na Chapman walieleza jinsi Phrynus marginemaculatus, jamaa wa buibui wa Florida na Karibi mwenye miguu ya mbele kama mijeledi, anavyobaki na utando wa hewa mwilini na kupumua chini ya maji zaidi ya saa 24. Saa, si miezi. Na ndiyo, umeme tunauhitaji, hata haya ninayaandika kwa umeme.

Najua pia jibu litakalokuja: mto wenyewe siku hizi haueleweki. Ni kweli. Vipimo vya kimo cha maji kwenye bandari ya Manaus vinawekwa tangu 1902. Mwaka 2021 maji yalipita mita 30, rekodi ya juu. Oktoba 2023 yakashuka chini ya mita 13, rekodi ya chini, nayo ikavunjwa 2024. Mwenye akili angesema basi tusiwaongezee vurugu nyingine. Mhandisi wetu anasema wamezoea.

Ripoti ya athari kwa mazingira ikipita mikononi mwenu, achaneni na muhtasari wenye picha za ndege. Fungueni ukurasa wa mbinu, mtazame waliingia msituni mwezi gani na walipekua kimo gani. Kama ni Oktoba tu, wakachota majani ya chini wakarudi hotelini, wamehesabu nusu ya mwaka. Na kama walikwenda Juni bila kupanda mti, wamehesabu samaki.