Petroli yenye spiriti na mashine yangu ya boti

Nimevuta kamba mpaka bega linawaka moto, mashine inakohoa mara mbili, kimya. Nimefungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa: ute wa kijani, na jeti, kale katundu kembamba kuliko sindano, kameziba kabisa. Mara ya tatu hii!

Mchawi ni ethanoli, ile spiriti inayochanganywa kwenye petroli. Kwenye gari haina neno, tangi linaisha ndani ya wiki. Boti hukaa miezi imeegeshwa, na ethanoli inapenda maji kama sifongo. Inayavuta hata kwenye unyevu wa hewa. Yakizidi, mchanganyiko unajitenga: petroli juu, maji na spiriti chini. Na mpira wa kunyonya mafuta unafyonza wapi? Chini kulekule! Nilimimina kidogo kwenye chupa ya kioo nikauona mstari kwa macho yangu.

Mipira ya zamani nayo inalainika, inamenyeka vipande vipande, halafu vinaenda kuziba chujio. Watengenezaji wengi wa mashine hizi wanaruhusu ethanoli asilimia 10, si 15. Sawa, lakini pampu nyingine za kituo cha mafuta kibandiko chenyewe cha asilimia kimefutika, utajuaje? Sasa nanunua kidogo kidogo, na nikimaliza safari nakausha kabureta. Kazi juu ya kazi.