Niliruka, Msidanganywe

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile video ya mimi kuanguka baharini na ubao, nisikilizeni mimi mwenye kidevu kilichochubuka. Rafiki yangu mmoja, anajijua, na deni la mahamri analonidai analijua pia, ameikata mwanzo. Kwake hadithi inaanzia pale nilipo hewani, miguu juu. Uongo mtupu. Kabla ya hapo niliruka, ubao juu ya maji, tena niliruka vizuri, kutoka mbele ya Shela, hapa Lamu, hadi karibu na kisiwa cha Manda.

Mnajua majira haya. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujaingia, umebaki matlai wa noti 8 hivi, kama kilomita 15 kwa saa, upepo wa kukausha leso. Siku kama hizi sisi watu wa mabawa hukaa barazani tukapiga soga. Basi kuna mgeni wa Kiholanzi akaniambia, jaribu foili yangu kubwa. Nilipoiona nikacheka. Bawa la mbele lina sentimita za mraba 2,400, na lile ninalotumia wakati wa kusi halifiki hata nusu yake.

(Kwa mnaouliza foili ni nini: ni ubao, chini yake mlingoti wa sentimita 85, na chini kabisa bawa la mbele na mkia, kama kindege kilichozama. Mkononi unashika bawa jingine, la kitambaa, lililojazwa hewa. Ubao ukipata mwendo, bawa la chini linakunyanyua juu ya maji. Likiwa pana, mwendo mdogo tu unatosha. Mholanzi alinieleza vizuri namna ya kupanda. Habari za kushuka hatukufika.)

Nikaingia. Mwanzo nilielea tu, napiga bawa hewani, nachuchumaa, nainuka, jasho. Mara ikaja mashua kutoka Manda Maweni, tanga lina viraka, abiria wamejaa. Ikanipita. Nahodha, mzee wa makamo ya babu yangu, mkono mmoja kwenye usukani, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, tukuvute?"

"Ahsante babu, nasubiri upepo."

"Kwani huu tulio nao sisi ni nini?"

Mashua nzima ikaangua kicheko. Na humo ndani, amekaa joshini na kapu lake, yumo shangazi yangu. Huyo naye alicheka. Nilimwona.

Basi ukaja mpulizo mmoja, Mungu ndiye ajuaye ulitoka wapi. Nikavuta bawa, ubao ukaacha kugonga mawimbi, na zile kelele zote za maji zikakatika. Kimya. Waliowahi kuruka wanakijua kimya hicho. Nikaifikia mashua. Nikaipita! Nikainua kidole gumba kwa shangazi. Kidole hicho kwenye video hamkioni, kimekatwa.

Sasa sikilizeni sehemu hii polepole, maana nami niliiona polepole. Siku ilikuwa ya bamvua, maji yakikupwa kwa kasi. Foili ndogo ukiliachia bawa la mkononi, inashuka yenyewe. Hii kubwa nililiachia bawa likapepea, nikategemea mguu wa mbele, ikashuka kidogo, kisha ikaendelea na safari zake. Nyuma yangu nikamsikia mzee anapiga kelele:

"Fungu! Fungu!"

Na mimi, na upepo masikioni, na sifa kichwani, nikasikia "Fungua! Fungua!" Nikasema moyoni, kumbe mzee amenikubali. Nikalivuta bawa kwa nguvu zote.

Nikaangalia chini. Maji yalikuwa ya buluu, yakawa ya kijani, yakawa hayana rangi. Nikamwona kaa. Kaa mzima, macho yake yamesimama, anakimbia kwa upande. Nikajiuliza, mbona kaa huyu yuko karibu hivi? Swali zuri. Jibu nililipata pale mlingoti wa sentimita 85 ulipoingia kwenye maji ya magotini. Foili ikasimama. Ubao ukasimama. Mimi sikuambiwa kama tunasimama. Nikapita juu ya ncha ya ubao nimekunjua mikono yote miwili, bawa likanipita juu ya kichwa, na nikiwa bado hewani nikapata nafasi ya kuona mashua inakuja, tanga limejaa, watu wote wamesimama, na mkononi mwa rafiki yangu kuna simu. Hapo ndipo nilipojua kumbe naye alikuwa abiria. Kisha kidevu kikafika mchangani, kwenye lile fungu la mchanga alilolipigia mzee kelele, nami nikafuata.

Yaliyobaki si marefu. Baharia alikuja akanitoa, ubao ukapakiwa mashuani, nikavutwa ninyi mkitazama. Abiria mmoja akamuuliza shangazi, "Huyu si mtoto wa kaka yako?" Shangazi akajifunika buibui, akasema hanijui, labda ni mtu wa Malindi. Mholanzi aliikagua foili kwanza, skrubu moja moja, kisha ndipo akauliza kama mimi ni mzima. Foili haina hata mkwaruzo.

Na ninyi mnaoniita "Fungua" kila nikipita barazani, endeleeni tu. Kesho matlai ni huohuo, foili bado ninayo, na mzee wa mashua nimeshamuuliza mafungu yote yako wapi. Video ya kesho naipiga mwenyewe, na mwanzo wake hakuna wa kuukata.