Si kukimbia maisha

Ndugu mwandishi, umesema wasichana wanapenda riwaya za fantasia za kasri na malkia kwa sababu wanakimbia ugumu wa maisha. Hapana. Mimi nazisoma hapa Kigoma, Mwanga, kwa sababu ya namna madaraka yanavyogombaniwa ndani ya nyumba moja: nani kanong'ona na waziri, nani kashika ufunguo wa ghala, nani kampikia mfalme usiku ule. Majoka na uchawi ni nakshi tu. Binti anayenivutia si lazima awe na upanga. Ni yule anayemimina maji ya kunawa huku akisikiliza kila neno, wakubwa wakidhani haelewi kitu, kumbe ameshaamua kabla yao.

Na mambo haya si ya kigeni. Katika kisa cha Fumo Liongo, shujaa wa kale wa pwani ya Waswahili, yeye akiwa mfungwa anaokolewa na mama yake pamoja na kijakazi Saada. Tupa ya kukatia minyororo inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wanang'ang'ania mikate mizuri, ule wa wishwa unamfikia mwenyewe. Hiyo ni hila ya kasri kamili, na imebebwa na wanawake wawili! Mkoani kwetu pia, Mwami (yaani mtawala wa Waha) Theresa Ntare alitawala Heru, Kasulu, enzi za Mwingereza, katikati ya machifu wanaume.

Watunzi wetu, tuandikieni basi riwaya ya binti wa mwami wa Buha, nchi ya Waha, batware, yaani machifu wadogo, wakiviziana barazani. Nitainunua siku ileile.