Kiti Kitupu cha Sonko

Siku boza la Sonko Rescue Team lilipoingia mtaani kwetu Eastlands, Nairobi, mifereji ilikuwa imekauka wiki ya pili. Mwenye kundi hilo la misaada, mwanasiasa Mike Mbuvi Sonko, alikuwa seneta wa Nairobi wakati huo. Watoto walitoka mbio na vidumu, wanaume wakajifanya wanapanga laini, na ndani ya nusu saa barabara nzima ilikuwa tope. Jirani yetu tuliyemwita Mama Kuku, kwa ajili ya biashara yake, alijaza mitungi minne, akaketi juu ya mmoja huku akijipepea kwa leso. "Hii ndiyo serikali yangu, mwanangu," akaniambia. "Ile nyingine siijui."

Kauli hiyo hunirudia kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu kilichomwangusha Sonko kutoka ugavana wa Nairobi. Kuna wanaosema ni ufisadi, kuna wanaosema ni Ikulu. Mimi naona aliangushwa na kiti kimoja ambacho hakikuwa na mtu kwa karibu miaka mitatu.

Sonko kwa Sheng ni tajiri, mdosi, mwenye nazo. Aliingia bungeni mwaka 2010 kupitia uchaguzi mdogo wa Makadara, na hakuchelewa kutolewa nje ya ukumbi kwa kuvaa hereni na miwani ya jua. Wakubwa walicheka. Eastlands haikucheka, au ilicheka pamoja naye. Mwaka 2013 akapata useneta wa Nairobi kwa kura zaidi ya 800,000.

Sasa, kisheria kazi ya seneta ni kutetea kaunti na kufuatilia pesa zake. Hana boza, hana ambulensi, hana gari la kubebea maiti. Sonko akavileta vyote, na jina lake ubavuni. Watu walipokaribia kubomolewa nyumba, alifika, akampigia Rais simu mbele ya umati na kuweka spika ili kila mtu asikie. Sijui kama kuna mwanasiasa mwingine wa Kenya aliyeelewa vizuri hivyo jinsi maskini wa jiji anavyoiona serikali: mlango uliofungwa, na labda mtu mmoja mwenye namba ya aliye ndani. Akawa yeye mtu huyo. Nami nilimpigia kura ya ugavana mwaka 2017, siwezi kujitoa. Tulikuwa zaidi ya 870,000, na Evans Kidero, gavana aliyekuwepo, akaenda nyumbani.

Tatizo la mtu wa spika ni kwamba hapendi simu ishikwe na mwingine. Naibu wake, Polycarp Igathe, alikuwa meneja wa makampuni aliyeletwa kuwatuliza wafanyabiashara. Hakumaliza hata miezi sita. Januari 2018 aliandika kwenye Twitter kwamba ameshindwa kupata imani ya gavana, akaondoka. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikatoa mwongozo kwamba kiti cha naibu kikibaki wazi, gavana apendekeze jina ndani ya siku 14. Sonko akalitoa jina la Miguna Miguna, wakili wa upinzani aliyekuwa amefurushwa nchini na serikali ya Rais Uhuru Kenyatta, na Nairobi nzima ikaelewa kwamba huo ni mchezo. Jina lilikataliwa. Kiti kikabaki kitupu, na sisi mashabiki tukapiga makofi: si gavana wetu yupo, naibu wa nini?

Jibu lilikuja Desemba 2019. Alikamatwa karibu na mji wa Voi kwa tuhuma za ufisadi wa mamilioni, akaletwa Nairobi kwa helikopta, na mahakama ilipompa dhamana ikamkataza kukanyaga ofisini. Hapo ndipo jiji la watu zaidi ya milioni nne likajikuta halina wa kutia sahihi. Naibu angekuwepo, mambo yangeenda na Sonko angepigana kesi yake akiwa bado na ngome. Hakuwepo. Tarehe 25 Februari 2020, ndani ya Ikulu, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, akaikabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, ujenzi na huduma, na mipango ya jiji. Akabaki na jina la gavana na mnyororo wa shingoni. Kazi zenyewe zikaenda kwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), idara ya serikali kuu ya kuendesha jiji, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi.

Baadaye alidai alikuwa amepewa pombe kwanza kabla ya kusaini. Tuseme ni kweli. Gavana gani anakwenda kusaini hati ya uzito huo bila wakili wa kaunti kumvuta koti? Gavana asiyetaka mtu wa kumvuta koti, basi. (Aprili mwaka huo alitangaza kwamba vifurushi vya msaada wa korona vitakuwa na chupa za Hennessy, eti dawa ya koo. Tulicheka, lakini kile kicheko kilikuwa kimeanza kupungua.)

Ndiyo maana naona yaliyofuata yalikuwa mazishi tu. Mapema Desemba 2020 bunge la kaunti likampigia kura ya kumng'oa, yeye akiwa Pwani na kundi la wawakilishi wadi. Tarehe 17 Seneti ikamaliza kazi, na mwaka 2022, alipokuwa akitafuta ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu ikakataa kumrejeshea jina. Baadhi ya kesi za ufisadi zilitupwa baadaye, na haki yake hiyo asinyimwe. Lakini aliyekuja kukalia kiti chake ni Ann Kananu, ambaye Sonko mwenyewe alimpendekeza kuwa naibu Januari 2020, maji yakiwa shingoni. Alipotaka kuliondoa jina hilo, hakufaulu.

Wiki iliyopita mifereji ilikauka tena mtaani. Nilimkuta Mama Kuku akipatana bei na kijana wa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Amezeeka, goti linamsumbua. Nikambebea miwili hadi mlangoni. Alipokuwa akitafuta ufunguo kwenye leso, akaniuliza kama nimesikia Sonko anagombea nini safari hii.