Kidonge cha magnesiamu hakizuii uchungu wa mapema

Mjamzito wa wiki 30 amepata uchungu, ukatulia, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kumpa vidonge vya magnesiamu "vishikilie mimba" ni kumpa tumaini lisilo na msingi. Tafiti zilizovipima hazikuonyesha kwamba vinapunguza kuzaa njiti. Vinachosababisha ni kuharisha.

Utumbo hufyonza sehemu tu ya magnesiamu, na figo hutoa ziada kwenye mkojo, hivyo kiwango katika damu hakipandi vya kutosha. Mkanganyiko umetokana na magnesiamu salfeti ya dripu, ambayo mama anayekaribia kujifungua kabla ya wiki 32 hupewa ili kuukinga ubongo wa mtoto na mtindio. Mara nyingi huanza gramu 4 kwenye mshipa kwa dakika 20 hadi 30, kisha gramu 1 kila saa, huku muuguzi akikagua pumzi, mkojo na mshtuko wa goti likigongwa. Goti lisiposhtuka, dripu husimamishwa. Kalsiamu glukoneti, sindano ya kuzima nguvu ya magnesiamu, iwe karibu, maana magnesiamu ikizidi hukata pumzi. Hata dripu hiyo haipaswi kuendelezwa kwa siku nyingi kuzuia uchungu: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuzidisha siku 5 hadi 7 kunaweza kudhoofisha mifupa ya mtoto tumboni.

Vidonge vya kalsiamu vina nafasi yake, lakini mapema katika mimba. Utafiti uliochapishwa 2024, wenye wajawazito 11,000 Tanzania na 11,000 India, ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazizidiwi na 1,500 katika kukinga presha ya mimba inayotangulia kifafa. Kwa kuzaa njiti, matokeo ya Tanzania hayakuthibitisha usawa huo. Bado naona kidonge kimoja kinachomezwa kila siku kina faida kuliko vitatu vinavyobaki kabatini. Kianze kabla ya wiki 20. Someni lebo: kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 ina kalsiamu 500. Kisimezwe pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa kalsiamu huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Cha kalsiamu asubuhi, cha damu jioni.

Tumbo likikaza mara kwa mara, chupa ikipasuka au damu ikitoka kabla ya wiki 37, nendeni hospitali yenye wodi ya njiti. Huko dawa ya nifedipini inaweza kuchelewesha uzazi ili sindano ya deksamethasoni ikomaze mapafu ya mtoto: miligramu 6 kwenye msuli kila saa 12, mara 4, kati ya wiki 24 na 34. Chukueni kadi ya kliniki. Umri wa mimba ndio unaoamua kama sindano hizo zitachomwa.